Alichosema Sia Mwishoni

Zahanati, Migato
Jumatatu, 3 Juni 2024

Fundi Selestini,

Salaam. Ni mimi Perpetua, yule muuguzi wa Migato niliyekuja kwako Alhamisi na kompyuta nyeusi iliyokuwa inachelewa kuwaka. Nimekupigia simu mara sita. Inaita mpaka inakata. Ndaki, kondakta wa Hiace, ameniambia wewe hupokei simu ya mtu yeyote, anayekutaka aandike. Basi naandika, ingawa mara ya mwisho kuandika barua kwa mkono nilikuwa kidato cha pili.

Uliweka ile programu yako ya kufagia takataka, na ni kweli kompyuta sasa inawaka upesi. Lakini sauti imeharibika. Kila kinachotoka kinakwaruza na kukatika, kama mtu anaongea ndani ya debe huku mwingine anamwaga kokoto juu yake.

Ingekuwa ni nyimbo tu nisingekusumbua. Nina mtoto mmoja, Sia, ana miaka saba. Tangu nipangiwe kazi huku anakaa na mama yangu Kibosho. Mbali na simu yake ya kupigia, mama ana nyingine ya zamani isiyo na laini. Sia anaongea humo, anajirekodi. Kaka yangu Rogasian anaendesha lori, na kila akipita Bariadi ananiachia ile memori kadi pale stendi. Nahamishia sauti kwenye kompyuta, kadi inafutwa na kurudi Kibosho ikajazwe upya. Hivyo ndivyo ninavyolea.

Alhamisi ulinihamishia wewe mwenyewe, ukafuta kadi kama nilivyokuomba, Rogasian akaichukua akaendelea na safari yake ya Kongo. Nilikuwa sijasikiliza. Nilisikiliza nyumbani. Mwanzoni Sia anaimba, hilo nalitambua hata kwenye mikwaruzo. Kisha mama anasema, "Haya, zima." Mtoto hakuzima. Nasikia kama anasogea karibu. Anasema, "Mama, bibi..." halafu ni kokoto tupu. Sekunde arobaini na tatu za kokoto.

Jana nilipanda kwenye mwamba nyuma ya shule, ndiko mtandao unakoshika, nikampigia mama. Sauti yake ilikuwa nzito, nikadhani ni mtandao. Akasema wote wazima, nifanye kazi za watu. Nikamwomba Sia. Akasema yuko shule.

Jana ilikuwa Jumapili, Fundi.

Nahitaji kujua mtoto alisema nini.

Perpetua


Kwa Selestini Mayige, Stendi, Bariadi
5 Juni 2024

Mayu Nesi Perpetua,

Mwangaluka! Na kama barua hii imefika jioni, basi mwadila. Nimetanguliza salamu zote mbili kwa sababu Ndaki na gari lake hakuna anayejua watafika saa ngapi.

Kwanza nikupe sifa. Huo ndio mwandiko! Wateja wangu wengine wananiandikia nyuma ya paketi ya dawa ya pamba, nasoma huku napiga chafya. Pili, usidhani ni maringo kutopokea simu. Nilipokuwa Lusaka bosi wangu Mhindi alikuwa na simu tatu mezani na hakupokea hata moja, na watu walimheshimu mpaka wakampenda. Mimi nimefuata nyayo.

Sasa twende kwenye ugonjwa. Hilo ni vumbi. Mwezi wa sita Itilima nzima ni vumbi, ng'ombe wakipita mara moja tu umekula shamba zima. Fanya hivi. Zima kabisa, hesabu mpaka mia, washa. Puliza pale kwenye vitundu vya spika, puliza kama unapuliza moto wa kuni mbichi. Kisha kile kispika kidogo pale kona ya chini ya kioo, kibonyeze, shusha sauti isizidi nusu. Ikikataa, chomeka earphone. Ikiwa safi kwenye earphone, basi mashine ni nzima, mgonjwa ni spika, na spika mimi nabadilisha nikiwa nimefumba macho.

Elimu yangu ni darasa la saba, sikufichi. Lakini madarasa mengine nimemalizia Kahama, Mwanza, Lusaka, na Dubai nimekaa siku mbili. Kompyuta zote za mji huu zikipiga chafya zinaletwa kwangu.

Kuhusu mtoto, tulia. Mtoto akianza "Mama, bibi," kinachofuata ni "amenichapa." Nimelelewa na bibi, nazijua hizo hotuba.

Nimempa Ndaki kifuko cha michembe yako. Ni viazi vitamu tu tumevikausha, usiogope, vichemshe na karanga. Kwenu Kilimanjaro mna ndizi, huku kula hiki uwe mtu.

Wako mtaalamu,
Selestini Mayige


Migato
Jumamosi, 8 Juni 2024

Fundi,

Wabeja kwa michembe. Nimekula na mama mwenye nyumba.

Nimezima, nimehesabu, nimepuliza mpaka nikaona nyota. Nimeshusha sauti. Sasa kokoto zinamwagwa taratibu. Earphone ni vile vile. Nimefungua na rekodi zake za zamani, za Krismasi, za Pasaka, nilizokuwa nasikiliza kila jioni zikiwa safi kabisa. Zote zinakwaruza. Nimempelekea Mwalimu Onesmo wa shule ya hapa faili lile la mwisho alijaribu kwenye simu yake, ikakataa, inasema aina hiyo ya faili haiifungui. Ni la simu ya zamani mno.

Niliwahi kukuambia nakaa peke yangu? Nyumba ina vyumba viwili na jiko la nje. Mwenzangu wa zahanati yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo tangu mwezi wa nne niko mimi tu. Natoka kazini, nafunga mlango, nawasha kompyuta, Sia ananisomea kitabu chake cha darasa la pili. Anasoma vibaya, anaruka maneno. Nilikuwa namsahihisha kwa sauti, kama yuko pale mezani.

Juzi mama mwenye nyumba alisikia ile mikwaruzo akaja dirishani. Akauliza nani anaongea humu. Nikamwambia mwanangu. Akatikisa kichwa, akasema hiyo si sauti ya mtoto, hao ni wazee wa zamani wananiita, niende kwetu nikatambike. Nilicheka. Halafu sikulala.

Nimempigia jirani yetu wa Kibosho. Anasema Jumapili tatu mama hajaonekana kanisani, lakini asubuhi moshi unatoka jikoni na mtoto anasikika akiimba, kwa hiyo hawana shida. Kuomba ruhusa niseme nini kwa mganga mkuu? Kwamba kompyuta yangu inakwaruza? Nikiondoka zahanati inafungwa, na nina wajawazito watano wa mwezi huu.

Nakuletea mashine kwa mkono wa Ndaki. Nimeifunga kwenye kitenge. Tafadhali, usifute kitu.

Perpetua


Bariadi
11 Juni 2024

Mayu Nesi,

Imepona! Fungua kitenge uone. Nimeifumua, nimekuta vumbi la kutosha kuotesha mtama. Nimesafisha kwa brashi ya nywele za farasi, nimeibana spika upya, nikapiga nyimbo tatu na faili la mtoto kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nimesikiliza mwenyewe kwa sikio langu hili lililokaa kwenye muziki miaka kumi na moja. Inaimba kama jogoo wa mwaka mpya.

Mtoto anaongea vizuri tu. Hana neno.

Pamba imeanza kuingia mjini, malori yamejaa barabarani, watu wananunua redio mpya. Ukija Bariadi pita, nitakununulia soda, tukae tuongee. Hapa kwangu wateja ni wengi, lakini wa kuongea naye kitu cha maana hakuna. Barua zako nimezisoma mara mbili mbili.

Selestini Mayige


Migato
Alhamisi, 13 Juni 2024

Fundi Selestini,

Nilimwacha mgonjwa wa homa kwenye benchi nikakimbia nyumbani kuifungua. Haijapona. Haijabadilika hata kidogo.

Unasema ulisikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kwamba mtoto hana neno. Kwa hiyo niambie: baada ya "Mama, bibi," alisema nini?

Nilitaka kukutukana. Nimeichana barua ya kwanza. Kisha nikakaa nikakumbuka Alhamisi ile kibandani kwako. Nilikuita mara mbili ukiwa umenipa mgongo, hukugeuka mpaka nikakugusa bega. Lori lilipasua tairi barabarani, kila mtu aliruka, wewe uliendelea kukaza skrubu. Ulikuwa unanitazama mdomo. Mimi nikadhani ni tabia zenu wanaume wa stendi.

Mimi ni muuguzi. Una muda gani husikii?

Perpetua


Bariadi
14 Juni 2024

Nesi,

Masikio yangu ni mazima. Kama unamjua fundi bora mpelekee.

S. Mayige


Bariadi
17 Juni 2024

Mayu Perpetua,

Barua niliyokuandikia Ijumaa ilitoka kwenye tumbo langu, haikutoka kichwani. Itupe jikoni iwashie moto.

Sikio la kushoto lilikufa mwaka 2016. La kulia lipo, lakini linanipa maneno kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto, tena amegeukia huko. Nilifanya kazi kwenye gari la matangazo miaka kumi na moja. Spika mbili kubwa juu, na mchana tukisubiri mteja nalala chini yake zinaendelea kupiga. Nilijiona mfalme. Lusaka nilikwenda kweli, ila miezi minne, na bosi Mhindi sikuwa naye. Nilikuwa nabeba magunia ya mahindi. Dubai sijafika. Kuna rafiki yangu alifika.

Sasa utauliza redio za watu natengenezaje. Naweka kiganja juu ya spika. Ikitetemeka, najua inaongea. Ikiwa kompyuta, naangalia vile vimistari vya kijani vinavyopanda na kushuka kwenye kioo. Kwa redio ya mchunga ng'ombe inatosha, yeye anataka kujua imefufuka au haijafufuka. Yako ilitetemeka vizuri sana kiganjani. Vimistari vilicheza. Sikujua kwamba mkwaruzo nao unatetemeka.

Nilikudanganya kwamba mtoto hana neno. Sikusikia hata alipoimba.

Huku hakuna anayejua. Hata Esteria, fundi cherehani wa kibanda cha pili, tumekaa jirani miaka sita. Naongea mfululizo, nasema uongo, nachekesha. Nikiwa naongea mimi, hakuna anayegundua. Siku watu wa Bariadi wakijua fundi wa redio ni kiziwi, kibanda hiki atakaa muuza mitumba.

Mke wangu Nyanjige alikuwa akiniita kutoka uani, siitiki. Alidhani ni dharau. Nami nikaona bora anione mwenye dharau kuliko mwenye kasoro. Alivumilia miaka miwili, akarudi kwao Lalago. Siku anaondoka alisema kitu mlangoni akiwa amenipa mgongo. Mpaka leo sijui alisema nini. Kwa hiyo sekunde zako arobaini na tatu nazielewa kidogo.

Barua yako ya Alhamisi ilinifanya nikae na vitabu vyangu na kuuliza vijana wa intaneti kwa maandishi. Nadhani nimeujua ugonjwa, na aliyeuleta ni mimi. Ilete mashine kesho asubuhi na gari la kwanza. Siombi uniamini. Nakuomba uilete tu.

Selestini


Migato
Jumanne, 18 Juni 2024

Fundi,

Hii hapa. Nimeweka na chaja.

Nimempigia mama tena leo alfajiri. Hakupokea.

Sijakasirika kwa sababu ya masikio.

P.


Bariadi
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mayu Perpetua,

Soma barua hii umekaa. Mengine nitayasema upesi.

Ile programu ya kufagia nilipoiwasha iliniletea orodha ndefu ya vitu ilivyoviita havitumiki, nikabonyeza kukubali vyote, kama ninavyowafanyia wateja wote. Ndani ya orodha hiyo kulikuwa na draiva ya sauti, yaani kile kiprogramu kinachoifundisha mashine yako namna ya kuongea. Ikafagiwa pamoja na takataka. Kompyuta ikajitafutia draiva nyingine ya jumla, isiyoijua spika yako, na ndipo kokoto zilipoanza. Vumbi halikuwa na kosa. Spika haikuwa na kosa. Rekodi za mtoto wako hazikuguswa hata moja, zilikuwa nzima siku zote. Nimeishusha draiva yenyewe kutoka kwa watengenezaji wake kwenye intaneti, nimeipachika, nimezima na vikorombwezo vya kunogesha sauti.

Vimistari vikapanda. Kiganja kikatetemeka. Nikasema, Selestini, hapa ndipo ulipodanganya mara ya kwanza.

Nikatoka nje. Esteria alikuwa anapima sare za shule, wateja wanne wamesimama. Nikamwambia mbele yao wote: "Mayu Esteria, naomba masikio yako. Mimi sisikii."

Akacheka. Akadhani ni vichekesho vyangu. Nikarudia. Akaniambia, naona mdomo wake kabisa, "Bhebhe Selestini, wewe, acha mchezo." Baadaye aliniandikia kwamba mmoja wa wateja alipiga makofi nyuma ya kichwa changu kunijaribu, nami sikugeuka. Esteria akatoa futi shingoni akaiweka mezani, akaja.

Alisikiliza zile za Krismasi kwanza. Akainua dole gumba, akasema ni safi, mtoto anasoma kama anateremka mlima. Kisha nikafungua ile ya mwisho. Akaanza kutabasamu wimbo ulipokuwa ukiimbwa. Baadaye niliona tabasamu linaondoka. Alisikiliza mara tatu. Nilimpa daftari akaandika, mimi nimenakili neno kwa neno, sikuongeza chumvi:

"Mama, bibi amesema nisikwambie. Bibi alianguka kwenye migomba. Sasa haamki, anakaa tu kitandani. Mkono wa huku hauwezi kushika kikombe, mdomo umekwenda upande. Mimi najua kupika uji. Nawasha moto mwenyewe. Shule siendi kwa sababu nani atakaa na bibi. Bibi anasema nikiwa nje niimbe kwa nguvu majirani wajue tuko salama. Nimechoka kuimba. Haya mama, nazima."

Ndiyo hayo.

Esteria amemsimamisha Ndaki. Anaondoka sasa hivi, abiria hawajajaa, tumemshawishi. Barua hii na mashine viko mikononi mwake, hakuna kituo chochote njiani. Usipoteze muda kunijibu.

Selestini


Migato
20 Juni 2024, saa tisa mchana

Fundi,

Mganga mkuu ameniruhusu kwa simu, nimemsomea barua yako kutoka juu ya mwamba. Analeta mtu wa kushika zahanati kesho. Naondoka na Ndaki huyu huyu anaporudi.

Sijawasha kompyuta. Sitaki kuisikia sauti yenyewe, nataka nimwone.

Mwambie Esteria

(naona gari linageuza)

Perpetua


Bariadi
15 Julai 2024

Mayu Perpetua,

Mwangaluka. Sijui hata naituma wapi hii. Nimempa dereva wa basi la Arusha, nimemwandikia juu "Perpetua, muuguzi, Kibosho, mwenye mtoto anaitwa Sia." Akaniuliza Kibosho unaijua ukubwa wake? Nikamwambia nimeizunguka yote. Mazoea.

Sijui kama ulimkuta mama. Kila Hiace ya Migato ikiingia namtazama Ndaki, anatikisa kichwa kabla sijauliza. Siku hizi watu wote wananijibu kwa kichwa na mikono. Mji mzima ulijua kabla jua halijazama siku ile. Wako walioondoa redio zao, wakasema watazirudisha baadaye. Wako wanaokuja na kunipigia kelele sikioni mpaka mate yananifika, nami nawaambia ongea taratibu, nitazame, si kelele. Mzee mmoja wa Sola alinichekesha: alikuja na redio, akanitazama, akaiweka kifuani kwake na kusikiliza mwenyewe, akasema, "Wewe tengeneza, kusikia nitafanya mimi." Tukafanya hivyo. Imepona.

Kibanda kimekuwa kimya. Nilikuwa nikiongea kutwa nzima, sasa sina sababu. Hujui namna kimya kinavyokuwa kirefu kwa mtu ambaye tayari hasikii.

Nimemwandikia Nyanjige barua, nimemweleza ukweli, nimemwuliza alisema nini pale mlangoni. Dereva wa Lalago anasema aliipokea, akaikunja, akaiweka ndani ya kanga bila kuisoma. Wiki ya tatu sasa.

Kila siku nahesabu. Kama tarehe kumi na moja ningesema sisikii, ungekuwa kwenu siku tisa mapema. Nikilala nazigawanya zile siku tisa kwa vikombe vya uji.

Niambie hata neno moja.

Selestini


Kibosho
Jumapili, 4 Agosti 2024

Kaka Selestini,

Barua yako ilisomwa na basi zima, na mapadri wawili, kabla haijanifikia. Lakini ilifika.

Mama yuko hai. Nilimkuta amekaa kwenye godoro, nywele zimesukwa. Sia alimsuka, vibaya. Alikuwa na kiharusi tangu katikati ya mwezi wa tano. Jambo la kwanza aliloniambia, kwa ule mdomo uliokwenda upande, ni kunigombeza: nani yuko zahanati? Nilipomwambia nimeletwa na maneno ya Sia alimgeukia mtoto, na mtoto akajificha nyuma ya mlango. Siku mbili Sia hakuongea na mimi. Alikuwa anaamka gizani anawasha moto kabla yangu. Nilipomshika mkono nikamwambia aache, nitapika mimi, alinitazama kama nimemfukuza kazi.

Sasa anakwenda shule. Haimbi. Mwalimu wake wa muziki anasema hataki kufungua mdomo. Mimi sijamlazimisha.

Mguu wa mama umeanza kurudi kidogo. Mkono, daktari anasema hautarudi kama zamani. Angefika hospitali mapema zaidi ingesaidia. Nilimwuliza daktari siku tisa zingebadilisha nini. Akasema hawezi kujua, wiki za mwanzo ndizo zilizokuwa na uzito, na hizo zilishapita kabla hata sijaja kibandani kwako. Nakuandikia alivyosema, sijakupunguzia wala sijakuongezea. Zile tisa ni zako, Kaka, siwezi kukubebea. Lakini na mimi nina zangu. Niliposikia mama anasema mtoto yuko shule siku ya Jumapili, nilijua. Nilijua nikabaki nagombana na kompyuta, kwa sababu kompyuta ingeweza kupona.

Rogasian amerudi kutoka Kongo, hajui pa kuweka uso wake. Alikuwa anaichukua kadi kupitia dirishani, mama akimwambia apite haraka asichelewe barabarani.

Nimepata uhamisho. Kuanzia mwezi ujao niko kituo cha afya hapa karibu. Vitu vyangu vya Migato Ndaki atamkabidhi Rogasian. Sitarudi huko. Nimeandika sentensi hiyo nikashangaa kwamba inaniuma. Miaka miwili nilihesabu siku za kuondoka, na sasa namkumbuka hata yule mama mwenye nyumba na wazee wake wa zamani.

Nenda ukapimwe masikio. La kulia bado lina kitu, kuna vifaa. Usiogope kuonekana nacho, umeshaonekana.

Mwambie Esteria, ile sentensi niliyoikata: mwambie wabeja.

Dada yako,
Perpetua


Bariadi
19 Agosti 2024

Dada Perpetua,

Mwadila. Na leo nina uhakika ni jioni, nimetazama nje.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mama yuko hai. Nimemwonyesha Esteria mstari huo kwa kidole, akapiga kigelegele, nimeuona ulimi unavyokwenda. Siku tisa nimezipokea. Sitakuomba unipunguzie.

Nimepimwa. Daktari wa masikio alikuja hospitali hapa na msafara wake, nikapanga foleni nyuma ya wazee na watoto, mimi Selestini niliyewatangazia watu wa mkoa huu misafara kama hiyo kwa spika. La kushoto ameniambia nilizike. La kulia watanipa kifaa, labda mwezi wa kumi na moja, labda mwakani, nimewekwa kwenye orodha. Nimemwambia mimi na orodha tuna historia mbaya, hakuelewa.

Ile programu ya kufagia nimeifuta kwenye mashine zote. Mteja akitaka kompyuta yake isafishwe nafuta kwa mkono, kimoja kimoja, namwuliza: hiki unakijua? Na hiki? Inachukua siku nzima. Wengine wanachoka wanaondoka na mashine zao. Wanaobaki tunakunywa chai, wananiandikia majibu kwenye daftari la Esteria.

Nyanjige hajajibu. Sasa nimeacha kumwuliza dereva wa Lalago, maana nilimwona anapita njia ya nyuma ya soko ili asikutane na uso wangu. Huenda hakuna alichosema pale mlangoni. Huenda alikuwa anakohoa. Naishi na hilo pia.

Usimlazimishe Sia kuimba. Mimi nimeishi kwa kupayuka ili watu wajue niko salama, najua uchovu wake. Akinyamaza mwache anyamaze kwa raha, wewe uko hapo, utamwona.

Migato wameleta muuguzi mwingine, mwanaume, anaitwa Joakim. Ndaki anasema ana simu kubwa na hana kompyuta. Kwa hiyo kutoka njia ile hakuna tena barua inayokuja kwangu. Kila Hiace inapofika saa nne, mimi hutoka nje kusimama kabla sijakumbuka.

Najua una mgonjwa, una mtoto, una kazi mpya, na mimi si ndugu yako wa kuzaliwa. Lakini nakuomba kitu. Niandikie. Sina haja ya habari kubwa. Niambie mvua imenyesha, au mmekula nini, au Sia ameruka neno gani kitabuni. Wateja wangu wote huandika kwa sababu kuna kitu kimeharibika.

Wewe niandikie siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Selestini